Hell's Gate kwa baiskeli na watoto: anza kuhesabu kutoka safari ya kurudi

Mimi ni fundi wa baiskeli, Naivasha, upande wa Karagita. Likizo ya Agosti ikifika, wazazi huniletea baiskeli za watoto zikiwa zimelazwa kwenye buti la gari, tairi hazina upepo, mnyororo umeota kutu. "Fundi, tuwekee sawa, kesho tunaingia Hell's Gate." Kabla sijashika spana huwa nauliza: mnataka kuwa mmetoka getini saa ngapi? Karibu wote hunitajia saa ya kuingia. Saa ya kutoka hawajaifikiria.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nimewapeleka watoto wangu wawili na wapwa wangu wa Mombasa mara nyingi, na mara ya kwanza nilikosea jambo hilo hilo. Kwa hiyo ninayoandika hapa yote yanazunguka kurudi.

Kwa asiyeijua: Hell's Gate ni hifadhi ya taifa tangu 1984, eneo la kilomita za mraba 68 hivi, kusini mwa Ziwa Naivasha. Ni moja ya hifadhi chache Kenya ambamo mtu anaruhusiwa kuingia kwa baiskeli na kupita kando ya punda milia, twiga, kongoni na pofu bila kioo cha gari katikati. Kutoka barabara ya Moi South Lake hadi geti la Elsa ni kama kilomita 2 za vumbi. Kutoka getini hadi kituo cha korongoni ni kama kilomita 8; korongo ni bonde jembamba lenye kuta za mawe ambamo watu hutembea kwa miguu. Kwa hiyo ukianzia barabarani, kwenda na kurudi ni kilomita 20. Kwa mtu mzima mwenye mazoezi hizo si kitu. Kwa mtoto wa miaka tisa, juu ya changarawe, kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,900, hizo ni kazi ya siku.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Barabara ya kwenda korongoni inateremka kidogo kidogo, kiasi kwamba hata mtu mzima haoni. Mtoto anaona tu kwamba leo ana nguvu. Anapiga kelele, anampita dada yake, anakuambia, "Mjomba, mbona ni rahisi!" Si rahisi. Ardhi ndiyo inayomsukuma. Wakati wa kurudi ardhi ile ile inamdai, na deni analilipa jua likiwa utosini na upepo wa mchana wa Naivasha ukiwa umeamka.

Mwaka ule wa kwanza mpwa wangu alikuwa na miaka tisa. Alikuja kutoka Likoni siku mbili tu kabla ya safari, na mapafu yake yalikuwa bado ya pwani. Asubuhi aliongea bila kupumzika. Tukafika kituoni, nikawaingiza korongoni, tukatembea karibu saa mbili tukipanda na kushuka mawe. Tulipotoka tukaanza kurudi, naye akanyamaza. Nilidhani anatazama twiga. Baada ya kama kilomita 3 nikasikia baiskeli ikianguka nyuma yangu, taratibu, bila breki. Nilipogeuka alikuwa ameketi vumbini chini ya mgunga, helmeti imemwangukia machoni, na midomo imekauka. Hakulia. Aliniambia tu, "Mjomba, miguu haipo." Maji yaliyobaki yalikuwa nusu chupa, watu wanne. Gari la wageni lilipita, dereva akasimama, akampakia yeye na baiskeli yake hadi getini. Bila gari lile ningembeba mgongoni kilomita 5 huku nikiwaacha watoto wengine wawili waendeshe peke yao palipo na nyati. Usiku ule nilikaa na dada yangu kwenye simu muda mrefu nikimweleza, na sikuwa na neno la kujitetea.

Tangu siku ile nina kanuni: mtoto aliye chini ya miaka kumi haendi korongoni na kurudi getini kwa baiskeli siku moja. Mwendeshe hadi Fischer's Tower, mwamba mrefu usio mbali na geti, na mbele kidogo, kilomita 3 au 4, mle, mcheze, mrudi. Korongo mpeleke siku nyingine kwa gari. Atakuja kuimaliza njia nzima akiwa na miaka kumi na moja, na ataimaliza akiwa amekaa juu ya kiti chake mwenyewe.

Baiskeli ya mtoto, si ya mtu mwingine

Baiskeli za kukodi ziko tele kule barabarani na getini, lakini nyingi ni za watu wazima. Mzazi anashawishika kumpa mtoto baiskeli kubwa na kiti kishushwe hadi mwisho. Usifanye hivyo. Mtoto asimame huku fremu ikiwa katikati ya miguu yake, nyayo zote mbili chini: kati ya chuma na mwili wake pawe na nafasi ya vidole vinne vyako. Akikaa kitini, ncha za vidole vya miguu yote miwili ziguse ardhi. Mjini mtu anaweza kupandisha kiti zaidi ya hapo, ila kwenye mawe mtoto anahitaji kujua kwamba ardhi iko karibu.

Kama unakodi, fika mapema, na usilipe kabla hujaipanda mwenyewe. Inua gurudumu la mbele, lizungushe: likiyumba na kugusa raba za breki, irudishe. Shika tairi la mbele katikati ya magoti yako ujaribu kuzungusha usukani: ukizunguka peke yake, irudishe. Vuta breki zote mbili huku ukiisukuma mbele. Mwaka juzi binti yangu alipewa baiskeli inayong'aa, rangi mpya, na waya wa breki ya nyuma ulikuwa umebakia nyuzi tatu. Niliziona kwa sababu huwa naikunja ncha ya waya kwa kidole gumba kila ninaposhika baiskeli. Ikunje na wewe. Nyuzi zilizokatika zitakuchoma, nawe utakuwa umejua.

Kuna kitu kimoja kwenye breki ambacho wazazi hawakijui, na ndicho ninachowaomba wakumbuke kuliko vyote. Mkono wa breki umetengenezwa kwa kiganja cha mtu mzima. Mtoto anaukamata kwa ncha za vidole tu, na kwa ncha za vidole hana nguvu. Tazama mkono wenyewe karibu na pale unapoanzia kwenye usukani: utaona skrubu ndogo, mara nyingi imejaa vumbi. Izungushe kuingia ndani kwa bisibisi, nusu mzunguko kwa wakati, na mkono utasogea karibu na mpini. Kisha kaza waya upya, kwa sababu ukishausogeza mkono waya unalegea. Kipimo changu ni hiki: mtoto avute kwa vidole viwili, gurudumu likamate kabisa, na mkono usiguse mpini. Nimeona watoto ambao wazazi wao walisema ni waoga wa mteremko. Ukisogeza mkono wa breki sentimita moja, uoga wote unaisha.

Tairi zisijazwe hadi ziwe kama jiwe. Hewa ikizidi, baiskeli inaruka juu ya kila changarawe na mikono ya mtoto inakufa ganzi. Kwa mtoto wa kilo 25 hadi 30 na tairi pana, mimi huweka psi 25 hadi 30. Huna kipimo? Bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu: liingie kidogo, lisishuke. Likilegea kupita kiasi, jiwe litaibana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa mara mbili kwa pigo moja.

Na pancha zipo, usijidanganye. Kuna miiba ya migunga, na kuna kioo cheusi. Eneo lote hili ni la volkano. Majivu ya mlima Longonot yaliyolala juu ya ardhi ndiyo hilo vumbi laini linaloingia puani, na katikati yake kuna vipande vya obsidiani, jiwe linalong'aa kama chupa iliyovunjika na lenye makali ya wembe. Watoto wanalipenda sana. Waonyeshe, washike kwa uangalifu, waambie ni lava iliyopoa haraka mno, kisha walirudishe chini, maana kitu cha hifadhi hakitoki hifadhini.

Kwenye begi langu: tyubu mbili mpya za saizi ya gurudumu la mtoto (watu hubeba za kwao wenyewe halafu inatoboka ya mtoto), viraka na solusheni, msasa, vyuma viwili vya kung'olea tairi, kiungo cha akiba cha mnyororo, spana ndogo, na blada ndefu, yaani ukanda wa mpira wa tyubu. Blada imeshaniokoa kuliko spana: hufunga karia iliyokatika, hufunga begi, na mtoto akichoka hufanya kazi nyingine nitakayoieleza mbele. Pampu ijaribu nyumbani. Kuna valvu nene kama ya gari na kuna ile nyembamba ya baiskeli za kizamani, na pampu ya moja inaweza kukataa nyingine.

Helmeti ikae vidole viwili juu ya nyusi, isiegemee kisogoni kama kofia ya sherehe. Za mtumba zipo za bei nafuu, lakini zigeuze uangalie ndani. Ukiona ufa kwenye povu, iache hapo hapo.

Wiki tatu uwanjani kwanza

Mtoto anayejua kuendesha kwenye lami bado hajui kuendesha Hell's Gate. Mimi huwafundisha wangu kwenye uwanja wa shule, jioni, nusu saa tu.

Anza na breki. Mwambie abonyeze moja moja huku akiisukuma baiskeli kwa mguu, ajue ipi ni ya mbele. Baiskeli nyingi ninazotengeneza zina ya mbele mkono wa kulia, lakini nimeshakuta kinyume, kwa hiyo jaribu kila baiskeli. Kisha chora mstari kwa kijiti mchangani. Aje kwa mbio asimame kabla ya mstari bila gurudumu kuteleza, zote mbili pamoja, kwa kuminya taratibu, si kwa kukamata. Akikamata ya mbele peke yake kwenye changarawe, gurudumu linakwenda pembeni naye anakwenda chini. Rudieni hadi achoke na mchezo huo. Kisha kesho tena.

Halafu mteremko. Pedali ziwe usawa mmoja, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Makalio yainuke kidogo kitini, viwiko vikunjwe. Kwa watoto huwa nasema, "Jifanye unataka kukaa kwenye kigoda ambacho mtu amekiondoa." Wanacheka, lakini miili yao inaelewa. Macho yaangalie mbali, pale anapotaka kwenda. Akiliangalia jiwe, ataligonga jiwe.

Vumbi zito ni somo la peke yake, kwa sababu hapo ndipo wanapoanguka wengi. Gurudumu la mbele linaingia kwenye vumbi la kina, linaanza kucheza, mtoto anashtuka, anashika breki. Mfundishe kinyume chake: asishike breki, asiung'ang'anie usukani, asogeze mwili nyuma kidogo na aendelee kukanyaga pole pole. Baiskeli itatoka yenyewe. Nami huwaangusha makusudi kwa upole kwenye mchanga mara mbili tatu, wakiwa na suruali ndefu, ili kuanguka kuwe jambo wanalolijua.

Kupanda: abadilishe gia kabla ya mlima, akiwa bado ana mwendo. Akingoja hadi miguu ikwame, mnyororo utalia na pengine kutoka. Akishindwa, ashuke asukume, na asimame upande wa kushoto wa baiskeli, mbali na mnyororo. Hakuna aibu. Waambie hivyo mapema, na wewe mwenyewe ushuke usukume angalau mara moja mbele ya macho yao. Mtoto anayeogopa aibu atajimaliza kimya kimya.

Siku yenyewe

Geti linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Muwe mmekwishaingia saa moja. Ada hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na viwango hubadilika, kwa hiyo viangalie na ulipe usiku wa kuamkia safari ili watoto wasikae getini wakipoteza ubaridi wa asubuhi. Saa hiyo kuna baridi kweli. Wavae sweta juu, fulana ndani. Wapwa wangu wa pwani huja na kaptura, nami huwavalisha suruali za wanangu.

Agosti ndiyo mwezi wangu. Ni pakavu na hakuna joto kali. Aprili mvua ni nyingi na njia inateleza, Novemba na mwanzo wa Desemba angalia mawingu.

Uji asubuhi, mzito, na mayai. Njiani viazi vitamu vilivyochemshwa na kumwagiwa chumvi kidogo, ndizi, njugu karanga. Biskuti na soda waache nyumbani. Zinawapa nguvu ya dakika kumi na kiu ya saa nzima. Maji: lita moja na nusu kwa kila mtoto, zake mwenyewe, na juu ya hapo mimi hufunga dumu la lita 5 kwenye karia. Dumu hilo haliguswi wakati wa kwenda. Hiyo ni sheria, na watoto wanaijua: dumu ni la kurudi. Wakati wa kwenda kila baada ya dakika kumi na tano tunasimama, kila mtu anakunywa mafunda matatu, mwenye kiu na asiye na kiu.

Mpangilio barabarani: mtu mzima mbele, mtu mzima nyuma. Mkiwa na mtu mzima mmoja, watoto wasizidi wawili. Nyuma ya kiongozi wa mbele akae mtoto mwenye mwendo wa polepole kuliko wote. Watu humweka mwisho, akawa anafukuzana na migongo ya wenzake siku nzima, na kila anapowafikia wakati wa mapumziko wao wameshapumzika, wanaondoka. Mweke mbele, awe yeye ndiye mwendo wenu. Kati ya baiskeli na baiskeli urefu wa gari moja. Nina firimbi: mlio mmoja simama, mlio mrefu njooni kwangu.

Fischer's Tower inafika mapema. Ni mwamba wa mita 25 uliosimama peke yake, uliopewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapa 1883. Simameni. Kuna watu hupanda mwamba huo kwa kamba, na kuna pimbi wanaoota jua kwenye mawe chini yake. Wape watoto dakika ishirini. Chakula kiwe ndani ya begi lililofungwa zipu, maana nyani na tumbili wa huku wamejifunza mlio wa karatasi. Mtoto asishike ndizi mkononi nyani akiwa karibu. Akimnyang'anya, aachie.

Kuhusu wanyama wengine. Punda milia mmoja akivuka barabara, wengine watavuka nyuma yake, kwa hiyo simameni mngoje hadi kundi liishe. Ngiri wanakimbia wenyewe. Nyati ndiye wa kuheshimiwa. Ukimwona karibu na barabara, firimbi, kila mtu ashuke, mkusanyike pamoja, watoto katikati na baiskeli ziwe mbele yenu. Msipige kengele, msipige kelele, msijaribu kupita kwa mbio. Rudini nyuma pole pole. Ngojeni gari, mwombe dereva aende mwendo wenu nanyi mpite ubavuni mwake, upande usio na nyati. Tumewahi kungoja dakika arobaini kwa ajili ya dume mmoja aliyelala kando ya njia. Watoto walihesabu ndege waliokuwa mgongoni mwake.

Namna ya kumsoma mtoto

Mtoto hasemi amechoka. Atasema ana kiu, atasema kiti kinamuumiza, atauliza tumebakiza ngapi, au hatasema chochote, na huyo wa mwisho ndiye wa kuangaliwa. Dalili ninazozifuata ni hizi: msemaji amenyamaza. Viwiko vimenyooka kama fimbo, hakunji tena. Gurudumu la mbele linaandika nyoka barabarani hata pasipo na jiwe. Ameacha kuelekeza kidole kwenye wanyama. Ukiona mbili kati ya hizo kwa mtoto mmoja, geuzeni hapo hapo, hata kama kituo cha korongoni mnakiona kwa macho.

Nami naweka alama ya kugeuza kwa saa, si kwa mahali. Saa nne na nusu asubuhi, popote tulipo, pua za baiskeli zinaelekea Elsa. Saa nne na nusu mtoto bado ana furaha, ndiyo maana atabisha. Binti yangu aliwahi kulia kwa hasira kwa sababu Central Tower, mnara mwingine wa mwamba, ilikuwa mbele yetu kabisa. Nilikaa naye chini nikamwambia ukweli: "Mama, mnara uko mbali kama unavyouona. Nyumbani kuko mbali mara tano." Akafuta machozi, akageuza. Mwaka uliofuata aliufikia.

Kurudi msiende mwendo mmoja mrefu. Gawanyeni vipande: hadi mti ule, hadi jiwe lile, maji. Mtoto akikwama kwenye mwinuko, ndipo blada inapofanya kazi yake ya pili. Funga ncha moja kwenye nguzo ya kiti chako, ncha nyingine kwenye shina la usukani wake, chini kabisa, urefu wa mita mbili hivi. Mpira unavutika, kwa hiyo hapati mshtuko. Nenda taratibu, kwenye kupanda tu. Barabara ikiwa tambarare au ikianza kushuka, fungua. Na umfundishe uwanjani kabla, maana asiyeijua kamba hiyo atashika breki akuangushe.

Kwa wakubwa, wa miaka kumi na mbili kwenda juu, ambao wamekwisha kumaliza njia ya Elsa bila kuvutwa, kuna Buffalo Circuit. Hiyo inapanda kweli, na jina lake si la mapambo. Usiwapeleke huko bila kuwauliza askari wa hifadhi asubuhi hiyo kuhusu njia na nyati.

Na korongo lenyewe: msiingie bila muongozaji wa pale, na msiingie hata kidogo kama mbingu imefunga, iwe ni juu yenu au ni mbali huko juu kwenye vilima. Nafasi kati ya kuta ni nyembamba na maji huja kwa ghafla kutoka mahali ambapo hamwoni. Aprili 2012 na tena Septemba 2019 watu walipoteza maisha humo. Muongozaji akisema leo hapana, mshukuru, mpe chai.

Mtoto akianguka, na ataanguka, usikimbie ukipiga mayowe. Simamisha wote kwanza, kisha mfuate. Mwache aseme mwenyewe panapouma kabla hujamwinua. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, na uligeuzegeuze juani: kipande cha kioo cheusi kikiwa ndani kitametameta. Kama amegonga kichwa, hata kama anacheka, safari yake ya baiskeli imeisha kwa siku hiyo, na helmeti hiyo haitumiki tena.

Mkifika nyumbani mtataka kulala. Lala, lakini baiskeli usiifungie stoo na vumbi lile. Kesho yake ipanguse kwa brashi kavu, usimwagie maji mnyororo, kisha tone moja la oili kwenye kila kiungo na ufute inayobaki. Zungusha kila tairi polepole chini ya mwanga ukitafuta vinavyong'aa. Vipande vya obsidiani havitoboi siku ile ile kila mara. Vinakaa kwenye mpira, vinaingia kidogo kidogo, na wiki mbili baadaye mtoto anapata pancha akienda dukani kununua mkate. Kwetu kazi hiyo ni ya yule mpwa wa Likoni. Sasa ana miaka kumi na mbili. Anakaa kwenye kigoda changu na msumari butu mkononi, ananiambia nisimsaidie, na kila anapokitoa kimoja anakiweka juu ya gazeti karibu na goti lake na kukihesabu kwa sauti.